Nyumba ya Mfanyakazi: Kumkumbuka Ernst May, Askari na Mchora Ramani

Hotuba iliyosemwa mbele ya wananchi wa Mikelenge, Kindu

  

Tumewaita leo ili tukumbuke maisha ya mtu mmoja aliyefariki mbali, katika mji wa Hamburg, nchi ya Ujerumani, tarehe 11 Septemba 1970. Jina lake Ernst May. Alikuwa askari katika vita kuu ya kwanza. Kazi yake ya maisha ilikuwa kuchora ramani za nyumba na za miji. Hapa Kindu hakujenga hata ukuta mmoja, na wengi wenu hamjapata kulisikia jina lake. Basi mtauliza: kwa nini watu wa bati, watu wa reli, watu wa bandari na wa soko waache shughuli zao kumzungumza Mjerumani?

Jibu letu ni fupi. Mtu huyu alikaa zaidi ya miaka 40 akitafuta jibu la swali ambalo ni letu pia: mfanyakazi alale wapi? Na karibu miaka 20 katika hiyo aliifanya kazi yake hapa Afrika ya Mashariki, Tanganyika, Kenya na Uganda. Alipofanya vema tunaweza kujifunza, na alipokosea tunaweza kujifunza zaidi. Hatukuja kumwimbia sifa. Marehemu akisifiwa kwa uongo hamfundishi mtu.

Swali hili la nyumba mnalijua kuliko sisi tunaolisema. Zamani za makampuni makubwa, nyumba ya mchimbaji ilikuwa mali ya kampuni. Kontra ikiisha, na nyumba imekwisha. Mtu alifanya kazi miaka 20, akachimba bati iliyojaza mabehewa, na siku ya kustaafu akatoka kambini na godoro lake na sufuria zake, bila mlango wa kuuita wake. Watoto waliozaliwa katika nyumba ile wakajua siku hiyo kwamba walikuwa wageni. Kwa hiyo tunaposema habari za nyumba hatusemi habari za mapambo. Tunasema habari za mtu kuwa mtu.

Sasa tuanze na maisha yake.

Ernst May alizaliwa Frankfurt tarehe 27 Julai 1886, katika jamaa ya watu wenye uwezo. Alisoma kazi ya ujenzi Ujerumani na Uingereza. Huko Uingereza, kati ya 1910 na 1912, alifanya kazi kwa Raymond Unwin, bwana mmoja aliyekuwa akipanga vitongoji vyenye bustani, ili watu wa mjini wasikae wakibanana katika moshi wa viwanda. Kijana May akaona kwamba mchora ramani anaweza kuwachorea watu wengi wa kawaida, si matajiri peke yao na makanisa. Neno hilo likamkaa moyoni.

Mwaka 1914 vita ikaja. May akavaa nguo za askari wa Kaisari. Alikuwa na miaka 28, na vita ikamchukua hadi 1918.

Hapa, ndugu, simameni kidogo na mtazame upande wetu. Vita ile ile ilipita hapa Kindu. Wazee wetu waliwaita Wajerumani Wadachi, na Wadachi walikuwa Tanganyika, Rwanda na Urundi. Reli ya kutoka Kindu kwenda Kongolo ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo ikafika ziwa la Tanganyika, mahali panapoitwa leo Kalemie. Shehena ya vita ilipanda mto hadi hapa Kindu, ikatolewa katika meli, ikapakiwa katika gari la moshi, ikashushwa tena Kongolo kwa mto, ikapandishwa tena Kabalo kwa reli, mpaka ziwani. Tangu ziwani hakuna reli wala meli iliyotosha. Huko zilikuwa shingo na vichwa vya watu. Majeshi ya Force Publique yaliutwaa mji wa Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Wachukuzi walioandikwa kwa vita ile upande wa Wabelgiji walikuwa zaidi ya 200,000. Wengi walikufa kwa njaa, kwa baridi ya milimani na kwa kuhara kuliko kwa risasi.

Basi, Ernst May alikuwa upande mmoja, wazee wetu upande mwingine. Hakuna aliyeulizwa kama anaitaka vita. Lakini tazameni yaliyofuata vita, maana hapo ndipo penye neno letu la leo.

Askari wa Ujerumani alirudi kwao akakuta nchi imeshindwa, pesa haina thamani, na nyumba hakuna. Lakini mwaka 1919 katiba mpya ya nchi ile, katika kifungu cha 155, iliweka ahadi kwamba kila Mjerumani apate nyumba yenye afya. Ahadi iliandikwa. Mtu akaweza kuishika karatasi na kusema, "Nyumba yangu iko wapi?" Mchukuzi wa Maniema alirudi kijijini kwake na mabega yaliyochubuka, na kilichomngoja kilikuwa kodi ya kichwa. Hakuna kifungu kilichoandikwa kwa ajili yake. Hata jina lake mara nyingi halikuandikwa.

Tuendelee. Tangu 1919 mpaka 1925 May alifanya kazi katika jimbo la Silesia, akikaa katika mji wa Breslau, ambao leo ni mji wa Poland na huitwa Wrocław. Kazi yake ilikuwa kujenga nyumba za watu wa mashamba na za wakimbizi waliosukumwa na mipaka mipya. Fedha zilikuwa kidogo sana, na hapo akajifunza kujenga kwa kuhesabu kila tofali.

Mwaka 1925 mji wake wa kuzaliwa, Frankfurt, ukamwita. Mkuu wa mji, Ludwig Landmann, akampa mamlaka juu ya ramani na ujenzi wote. Na sasa sikilizeni vizuri, ninyi mnaosema kila siku kwamba nyumba za wafanyakazi haziwezekani. Katika muda wa miaka 5, kati ya 1925 na 1930, mji ule ulijenga nyumba zipatazo 12,000 na zaidi. Ziliwezekana namna gani? Tutataja mambo manne.

La kwanza ni fedha. Thamani ya pesa ilipoanguka, wenye majumba ya zamani walijikuta madeni yao yamefutika, nao wamebaki na mali. Serikali ikasema: faida hii hamkuitolea jasho. Ikaweka kodi juu ya majumba yale tangu 1924, na sehemu ya kodi ile ikajenga nyumba mpya.

La pili ni ardhi. Mji ulitwaa au ulinunua ardhi mapema, kabla walanguzi hawajaipandisha bei. Mnajua ninyi wenyewe: ramani ikisikika tu kwamba njia itapita mahali fulani, kesho yake kiwanja kimekwisha kuuzwa mara tatu.

La tatu ni namna ya kujenga. May alifanya kiwanda cha kutengeneza kuta za simenti. Ukuta ulikuja tayari kwa vipande vikubwa, ukainuliwa kwa winchi, ukasimamishwa. Milango na madirisha yalikuwa ya kipimo kimoja, hata fundi hakuwa na haja ya kupima upya kila nyumba.

La nne ni ndani ya nyumba. Waswahili husema nyumba njema si mlango. May hakuishia kwenye kuta. Alikuwa na mama mmoja katika ofisi yake, mchora ramani kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky. Mwaka 1926 mama huyu alichora jiko. Alihesabu hatua anazotembea mwanamke toka penye moto hadi penye maji, toka penye maji hadi kabatini. Akaona mama anapiga maili nyingi bure katika chumba kimoja. Jiko lake lilikuwa dogo, upana mita 1 na sentimita 90, urefu mita 3 na sentimita 40, lakini kila kitu kilifikiwa na mkono. Majiko yapatayo 10,000 ya namna hiyo yaliwekwa katika nyumba za Frankfurt. Mama huyu baadaye alipigana kwa siri na utawala wa Hitler, akafungwa tangu 1941 mpaka vita ilipokwisha 1945. Aliishi karibu miaka 103. Mama zetu, mkiambiwa kwamba ramani ni kazi ya wanaume, wajibuni kwa jina lake.

Kitongoji kilichosifiwa kuliko vyote ni Römerstadt, kando ya mto Nidda. Nyumba zake zina bustani ndogo nyuma, watu wapande mboga na maua. Kila nyumba ilikuwa na umeme, tangu taa mpaka jiko. Mwaka 1929 wachora ramani wa nchi nyingi walikutana Frankfurt kuzungumza neno moja tu: mtu mwenye kipato cha chini kabisa astahili nyumba ya namna gani? 

Lakini tulisema tutasema kweli yote. Umeme ule na bustani zile zilikuwa na bei. Kodi ya nyumba za Römerstadt ilipanda, na mfanyakazi wa chini hakuiweza. Waliokaa mle wengi wakawa makarani na watu wa mshahara wa katikati. Nyumba ilichorwa kwa ajili ya mfanyakazi, akaikosa kwa bei. Likumbukeni hilo, maana tutalirudia.

Mwaka 1930 Ujerumani iliingia katika shida kubwa ya kazi na fedha, ujenzi ukakwama. Mwezi wa Oktoba mwaka ule May na kundi la wenzake walikwenda Urusi. Serikali ya huko ilikuwa ikijenga miji mipya mahali penye chuma na makaa ya mawe, na ilihitaji watu wanaojua kazi. Mji mmoja uliitwa Magnitogorsk, chini ya mlima wenye chuma. Wachimbaji wenzetu, mtaielewa habari hii upesi. Maelfu na maelfu ya watu waliletwa kuchimba na kuyeyusha. Walikaa katika mahema na mabanda ya mbao, katika baridi inayogandisha mto. May alichora mitaa, shule, majiko ya pamoja, nyumba za kulelea watoto. Lakini wakubwa walitaka tanuru kwanza. Tanuru likawaka mwaka 1932, na nyumba nyingi zikabaki katika karatasi. Chuma kilipata paa kabla ya mtu. Hii ndiyo desturi ya machimbo duniani pote, iwe chini ya kampuni, iwe chini ya serikali inayosema kwamba ni ya wafanyakazi. Mwisho wa 1933 May akaondoka.

Kurudi kwao hakuweza. Hitler alikuwa amekwisha kushika utawala, na May alikuwa na damu ya Kiyahudi katika ukoo wake. Tena wafuasi wa Hitler walikuwa wakimchukia kwa ajili ya kazi yake ya Frankfurt na ya Urusi. Basi tazameni mambo ya dunia. Askari huyu wa zamani wa Kaisari alikimbilia Tanganyika mwaka 1934, nchi ile ile ambayo wazee wetu walisaidia kumwondoa Kaisari. Wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza. Akanunua shamba karibu na Arusha, akalima kahawa. Mchora ramani wa miji mikubwa akawa anahesabu miche. Mwaka 1937 aliacha shamba, akafungua ofisi Nairobi.

Vita kuu ya pili ikaja. Waingereza hawakuuliza kama alikuwa amemkimbia Hitler. Kwao alikuwa Mjerumani, basi wakamtia kizuizini karibu miaka 2, tangu 1940 mpaka 1942. Miaka hiyo hiyo vijana wa Kongo walikuwa wakipigana Abisinia, katika Asosa, Gambela na Saio, ambako jenerali wa Waitalia aliweka silaha chini mwezi wa Julai 1941. Na hapa Maniema watu walikuwa wakisukumwa wachimbe bati zaidi na zaidi, kwa sababu Wajapani walikuwa wameitwaa Malaya na bati yake mwaka 1942. Vita ile ilikuwa na askari wenye bunduki na askari wenye sururu. Wa sururu hawakupewa nishani.

May alipofunguliwa alirudi kazini. Tangu 1945 aliajiriwa kuchora ramani ya kuupanua mji wa Kampala upande wa mashariki, katika vilima vya Kololo na Naguru. Alileta taarifa yake mwaka 1947. Alipanga njia zifuate mgongo wa kilima, maji ya mvua yapate pa kupita, na kila mtaa uwe na shule na soko lake. Hayo ni mema. Lakini ramani ile iliwagawa watu. Wazungu mahali pao, Wahindi mahali pao, Waafrika mahali pao, na majani mabichi katikati kama ua. May aliamini kwamba Mwafrika ni wa kupandishwa polepole, hatua kwa hatua, mpaka aufikie ustaarabu wa Ulaya. Mtu ambaye yeye mwenyewe hakuweza kurudi nchini kwake kwa sababu ya kupimwa kwa damu, alipofika Afrika alichora mji wa kupima watu kwa rangi.

Hatusemi hayo kwa furaha. Tunasema kwa sababu sisi tunaijua ramani ile. Miji ya Kongo ilichorwa hivyo hivyo. Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, ilikuwa na uwanja mtupu kati ya mji wa Wazungu na mji wa Waafrika, na saa za usiku ulikuwa na sheria zake. Ramani ni kitu kimya, lakini inaweza kusema maneno ya ukali kuliko polisi.

Katika miaka ile ile May alitengeneza nyumba ya vipande vya simenti vinavyoshikana kwa kulabu, ukuta wake ukipinda juu na kuwa paa, kwa mfano wa kibanda cha msonge. Alitaka iwe rahisi, ijengwe upesi na watu wasio mafundi. Akili ilikuwamo ndani yake, lakini haikuenea. Na sisi tunauliza: ni nani aliyewauliza watu wa Nairobi kama wanataka nyumba isiyo na ukuta wa kusimamishia kabati? Nani aliyemwuliza mama mahali pa kutwangia, na mzee mahali pa kupokelea wageni? Kule Frankfurt walihesabu hatua za mama wa Kijerumani jikoni. Hatua za mama wa Kiafrika hazikuhesabiwa.

Sasa tunafika mahali ambapo kazi yake inatupendeza kuliko pote, nako ni Moshi, chini ya Kilimanjaro.

Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa wakilima kahawa. Mwaka 1925 walianzisha chama chao, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Joseph Merinyo. Mwaka 1933 kikaundwa chama kikuu cha ushirika kilichoitwa KNCU. Mkulima mmoja na magunia yake mawili hana neno mbele ya mnunuzi. Wakulima maelfu wakiuza kwa mkono mmoja, mnunuzi huvua kofia. Baada ya vita bei ya kahawa ilipopanda, hawakuigawa faida yote na kuila. Waliamua kujenga jumba lao mjini Moshi, wakampa Ernst May kazi ya kulichora. Lilijengwa kati ya 1949 na 1952: ghorofa juu ya ghorofa, maduka chini, ofisi, mahali pa kula na vyumba vya kulala wageni. Mkulima aliyeshuka kutoka mlimani alipata pa kulala mjini bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mahali pengi katika Afrika ya wakati ule, Mwafrika aliingia hotelini kwa mlango wa nyuma, akiwa na sinia mkononi. Moshi alikuwa na hoteli yake.

Tofauti ya Moshi na Kampala ni nini? Mchora ramani ni yule yule. Simenti ni ile ile. Jua ni lile lile. Tofauti ni kwamba Kampala aliyemwajiri alikuwa serikali ya wageni, na Moshi wenye fedha na wenye neno walikuwa Waafrika waliokwisha kuungana. Kule alichora juu ya watu. Huku alichora mbele ya watu, nao waliweza kumwambia ndiyo au hapana. Jumba la Moshi lingali limesimama mpaka leo.

Mwisho wa 1953 May aliondoka Nairobi. Alikuwa na miaka 67, umri ambao wengi wanakaa barazani. Yeye alikwenda Hamburg na kuanza upya, maana miji ya Ujerumani ilikuwa magofu baada ya mabomu. Alishiriki katika kupanga Neue Vahr huko Bremen, nyumba zipatazo 10,000, zilizojengwa tangu 1957 mpaka 1962 kwa watu waliopoteza makazi. Mtu aliyeanza na wakimbizi wa vita ya kwanza alimaliza na wakimbizi wa vita ya pili. Alifariki akiwa na miaka 84. Huko Frankfurt, chama kilichoanzishwa mwaka 2003 kwa jina lake kimeitengeneza nyumba moja ya Römerstadt ikawa kama ilivyokuwa siku za kwanza, watu waende kuitazama.

Ndugu wananchi, hayo ndiyo maisha ya Ernst May. Yatufaa nini sisi wa Mikelenge?

Sisi pia tuna karatasi. Katiba ya Jamhuri yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 48, inasema kwamba haki ya kuwa na nyumba inayostahili, haki ya kupata maji safi na haki ya kupata umeme zinalindwa. Si maneno ya kuombea. Ni sheria kuu ya nchi. Wajerumani wa 1919 walipewa sentensi moja katika katiba yao, na kwa sentensi hiyo, pamoja na kodi iliyotozwa wenye mali na mtu aliyejua kazi, wakajenga. Karatasi peke yake haizuii mvua, lakini asiyeijua karatasi yake hawezi kudai hata bati moja la paa.

Kwa hiyo tunawaomba jambo hili. Siku atakapokuja mtu na ramani, awe ametumwa na serikali, na kampuni ya machimbo, au na wafadhili wa nchi za mbali, msimpigie makofi kabla hajajibu maswali manne.

Mwulizeni kwanza: ardhi itakuwa ya nani? Mfanyakazi akistaafu au akifukuzwa, nyumba itabaki yake na ya watoto wake, au atatoka na godoro?

Mwulizeni la pili: bei yake ni kiasi gani kwa mwezi, mkiilinganisha na mshahara wa mchimbaji wa chini kabisa? Msikubali jibu la mshahara wa karani. Römerstadt imetufundisha.

Mwulizeni la tatu: nyumba na maji vinakuja pamoja, au tanuru ndilo linatangulia na maji yatafuata? Magnitogorsk imetufundisha.

Mwulizeni la nne: nani ameulizwa? Mama wa mtaa wameiona ramani? Masoni wa hapa, wanaojua udongo wa Kindu na namna maji ya mvua yanavyokimbilia Lualaba, wameiona? Kama hawajaiona, mwambieni airudishe ofisini, aje tena akiwa na kalamu na raba ya kufutia. Kampala na Moshi zimetufundisha.

Jambo la mwisho. Tumeweza kuyasimulia maisha ya May tangu siku ya kuzaliwa hata siku ya kufa kwa sababu yameandikwa. Na hapa Mikelenge wamepita wazee waliobeba mizigo ya vita, waliopigana Abisinia, waliorudi wakashika mwiko na kamba ya fundi, wakazijenga nyumba tunazozipita kila siku. Waswahili wamesema, usione vyaelea, vimeundwa. Nyumba hizo zimeundwa na watu wenye majina. Vijana mliosoma, chukueni daftari. Nendeni kwa babu na bibi mliobaki nao, mwulize: nani wa kwetu alikwenda vitani, na jeshi gani, na alipata nini aliporudi? Nani aliifyatua matofali ya shule hii, na nani aliezeka? Andikeni jina, kijiji, na kazi. Msingoje mtu wa kutoka Ulaya aje kuandika, maana ataandika jina la mwenye kampuni.

Mtu wa Frankfurt akitaka kujua nyumba ya babu yake ilijengwa na nani, atajibiwa. Mtoto wa Mikelenge naye anastahili kujibiwa.